Siku Niliyomfasiria Bibi Kura

Nilikuwa na miaka ishirini na nne nilipomfanya bibi yangu, mama yake mama, aipigie kura nyongeza ya ushuru ambayo mwenyewe alikuwa akiipinga kwa mwezi mzima. Nilifanya kwa makusudi. Nilikuwa na kazi nzuri chuoni, nilikuwa na gari langu dogo jeupe, na asubuhi ile niliamka na afya yangu, nikanywa chai ya maziwa, nikavaa abaya mpya. Nayasema haya ili asije mtu akanitafutia udhuru.

Tulikaa Ibra, Omani. Bibi alitoka Unguja mjini mwanzoni mwa miaka ya sabini, mjane tayari, na Kiarabu alichokuja nacho kilikuwa cha msahafu. Miaka thelathini baadaye alikuwa ameongeza cha sokoni tu: bei, salamu, kuombeana afya. Maneno yakizidi hapo alitabasamu na kutikisa kichwa. Nyumbani ilikuwa Kiswahili, tena Kiswahili chake yeye. Sisi tuliozaliwa huku tukisema "kitabu yangu" alikuwa anaacha kukuna nazi, anatutazama mpaka tujirekebishe.

Kila Jumatatu aliuza vitumbua katika soko la wanawake la mtaa wetu. Lilikuwa soko dogo, wanawake kama arubaini, wengine na meza, wengine na mikeka, katika kiwanja ambacho mwenye mali alikitoa kwa ajili ya Mungu. Tulijisimamia. Kila muuzaji alilipa baisa mia kwa siku, sehemu ya kumi ya riyali, za mfagiaji na maji, basi.

Jirani yake sokoni alikuwa Mbedui mmoja wa upande wa Sinaw, mwanamke mrefu mwenye barakoa nyeusi, aliyekuja kwa pikapu ya mwanawe akiuza samli na jibini kavu ya mbuzi. Walikaa bega kwa bega miaka kumi na moja. Sijui walizungumza nini kwa Kiarabu kile cha bibi, lakini walicheka sana. Bibi alimpa vitumbua vya kwanza vilivyotoka motoni, naye aliinyanyua barakoa kidogo kwa kidole kimoja, akala, akafuta mkono, akampimia bibi samli kwenye kikombe. Hakuna hata mmoja aliyelipa.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa namwonea haya bibi yangu.

Ofisini, siku moja ya Jumatatu, mwenzangu mmoja alileta sahani ya vitumbua. Nilivijua kabla hajafunua. "Nimenunua kwa yule kizee wa Kizinjibari," alisema kwa Kiarabu, "anayeshika pesa na unga kwa mkono mmoja." Wakacheka. Mimi nikacheka nao, nikachukua kitumbua nikala, nikasema ni vitamu. 

Halafu akaja mchumba. Alikuwa mwalimu Nizwa, watu wao wa Samad Ash Shan, watu wa mashamba na mitende, wasio na damu ya Afrika hata tone, au ndivyo walivyosema. Mama yake alipokuja kutuona alikunywa kahawa, akala tende mbili, akamtazama bibi aliyekaa pembeni na mtandio wake, akaniuliza: "Huyu ndiye anayeuza sokoni?"

Nikajibu, "Alikuwa. Sasa anaacha."

Bibi alitabasamu na kutikisa kichwa.

Mwaka ule ndio mwaka ambao watu wazima wote, wake kwa waume, walikwenda kuchagua wajumbe wa baraza la Shura. Kila mtu alikuwa na homa ya kura. Msimamizi wa soko letu, mwanamke aliyeuza vitambaa, mwenye sauti kubwa na vikuku hadi kiwiko, naye akataka kura yake. Alipendekeza ushuru ubadilishwe: badala ya baisa mia kwa siku, kila muuzaji atoe baisa hamsini katika kila riyali ya mauzo yake, zikusanywe, kijengwe paa, sakafu na choo.

Kwa wenye vitambaa haikuwa kitu. Waliongeza bei ya doti kidogo na mnunuzi hakujua. Kitumbua kilikuwa baisa ishirini na tano. Huwezi kumwambia mtu leo ni ishirini na sita na robo. Na msimamizi hakuficha kwamba moshi wa mafuta unaharibu vitambaa vyake. Kama wapishi watashindwa na kuondoka, alisema, Mungu atawafungulia mlango mwingine.

Bibi aliwaka. Sijawahi kumwona vile. Alipita meza kwa meza akisema Kiarabu chake chote: "La, la ziyada." Akija nyumbani anamalizia kwa Kiswahili.

"Paa la nini? Mvua yenyewe inanyesha mara ngapi hapa? Na jua nna mwavuli wangu."

Mama alikuwa anamsikiliza huku akikunja nguo. Mama hakuwahi kusema lolote juu ya vitumbua, ila kila harusi ikikaribia alimwomba bibi asiende sokoni wiki ile.

Bibi na yule Mbedui waliapiana. Watakataa wote wawili. Bibi akawachukua na shoga zake wawili, wazee wa Unguja kama yeye, mmoja wa kachori na mmoja wa ubani. Kiarabu chao kilikuwa kibovu kuliko chake. Walimwambia: "Wewe utakavyofanya, na sie ndivyo."

Kura ilipigwa siku ya Alhamisi, katika sabla, ukumbi wa mikutano wa mtaa, tuliyoazimwa asubuhi ile. Alhamisi sikuwa kazini, kwa hiyo ni mimi niliyewapeleka wazee wote watatu kwa gari, na ni mimi niliyekaa nao chini, mgongo ukutani, ili niwafasirie. Mbedui alikaa upande wa pili wa ukumbi, karibu na mlango, na wenziwe wa samli. Akampungia bibi mkono.

Tulipewa karatasi ya maelezo na kadi mbili kila mmoja, ya kijani na nyekundu, kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Msimamizi akasimama, akaeleza. Alieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Anayekubali nyongeza ainue kijani, anayekataa ainue nyekundu. Alisema mara mbili.

Bibi alikuwa ameshika karatasi. Alijua kusoma herufi zile kuliko mtu yeyote mle ndani. Alihitimu msahafu akiwa na miaka tisa. Alisoma mstari mzima, kila irabu mahali pake, bila ya kuelewa. Kisha akaweka kidole kwenye neno moja.

"Hapa pana muafaka. Muafaka wa nini?"

Nilimtazama. Nilikuwa sijaamua kitu, wallahi, mpaka sekunde ile. Nikasema, "Muafaka wa kubaki kama tulivyo, bibi. Wanauliza nani anaafiki tubaki kama zamani."

"Alhamdulillahi. Na hii ziada?"

"Wanasema pasiwe na ziada."

"Ehe. Sasa tunainua ipi?"

"Kijani."

Akawageukia wenziwe. "Kijani," akawaambia. Yule wa kachori aliuliza, "Nyekundu si ndiyo ya kukataa? Kama taa za barabarani?" Nikamwambia, hapana, hapa kijani ni kubaki kama zamani, nyekundu ni ushuru mpya. Akasema haya. Yule wa ubani alikuwa mzito wa masikio, yeye alisubiri kuona wenzake wameshika nini.

Msimamizi akaita kijani. Bibi akainua mkono juu kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu. Wale wawili nao wakainua. Nikaona vichwa vikigeuka. Kila mtu mle ndani alikuwa amesikia "la ziyada" yake mwezi mzima.

Kisha zikaitwa nyekundu, na Mbedui akainua yake, huku amemkazia bibi macho.

"Mbona huyu kainua nyekundu?" bibi akaninong'oneza. "Hakufahamu? Hebu mwambie!"

"Labda kabadilisha mawazo, bibi."

"Haiwezekani." Akawa anamfanyia ishara kwa mkono, shusha, shusha, akimwonyesha kadi yake ya kijani. Mbedui hakushusha.

Zikahesabiwa. Kijani ishirini na mbili, nyekundu kumi na saba. Nilizifanyia hesabu nikiwa nimekaa palepale: wazee wangu watatu wangeinua nyekundu, ingekuwa kumi na tisa kwa ishirini, na hoja ingeanguka.

Msimamizi akatangaza. Wenye vitambaa wakapiga vigelegele. Bibi akanivuta mkono.

"Tumeshinda?"

"Ndiyo, bibi."

Naye akapiga vigelegele. Alikuwa na kigelegele maarufu, kirefu, cha harusi za mjini, watu walikuwa wakimwita kwenye shughuli kwa ajili yake. Kilipanda mpaka kwenye dari la sabla. Wenye vitambaa wenyewe wakanyamaza kumtazama. Nilipogeuka kuangalia mlangoni, Mbedui alikuwa ameshaondoka.

Njiani kurudi walizungumza wote watatu kwa wakati mmoja, kwa furaha. Bibi alisema atampikia mwenzake vitumbua vya iliki amtulize, maana kushindwa kunauma.

Jumatatu nilimpeleka sokoni saa moja asubuhi kabla ya kwenda kazini, na ndoo yake ya unga uliokwisha kuumuka. Mlangoni msimamizi alikuwa anagawa madaftari. Bibi akapewa lake. Akaligeuza.

"Hili la nini?"

Nilijifanya sikusikia. Msimamizi akamjibu kwa Kiarabu chepesi, kwa vidole: kila riyali, hamsini. Bibi akasimama na daftari mkononi. Akatazama mahali pake. Mkeka wa Mbedui haukuwapo; alikuwa ameuhamishia mwisho wa kiwanja, karibu na pipa la taka. Bibi akaacha ndoo, akaenda kule, mimi nyuma yake. Akamsalimu. Mbedui hakuitikia salamu. Akaweka mkono mdomoni akautikisa, kuonyesha kigelegele.

Halafu akasema mengi, taratibu, bila kupaza sauti. Kwamba ana mbuzi kumi na wawili tu na mtoto mgonjwa wa figo. Kwamba angesamehe kama bibi angenyoosha mkono kwa woga. Lakini kushangilia!

"Anasema nini?" bibi akaniuliza.

"Amekasirika."

"Naona kama amekasirika! Anasema nini?"

Nikatazama pipa la taka. Bibi akanigeukia mwili mzima. Watu walikuwa wamekusanyika, wale wazee wawili wamefika, msimamizi na vikuku vyake naye yumo.

"Wewe ulinambia kijani ni kubaki kama tulivyo."

Hapo ningeweza kusema kweli. Ingekuwa aibu ya siku moja. Niliwatazama wale wanawake wote, nikamwona mmoja ambaye dada yake nafanya naye kazi, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya upole kabisa: "Bibi, nilikwambia kijani ni kukubali ziada. Umesahau."

"Sikusahau."

"Umesahau, bibi. Wiki iliyopita ulisahau hata kuzima jiko." Hilo nililitunga palepale.

"Hata mimi nilisikia hivyo," alisema yule wa kachori. "Kijani kubaki."

"Nyote watu wazima," nikasema, nikacheka kidogo. "Ukumbi ulikuwa na kelele. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo, ningewaambiaje hivyo? Kwa faida gani?"

Yule wa kachori akafikiri. "Labda," akasema. Akamshika bibi bega. "Labda, shoga. Ukumbi ulikuwa na kelele kweli."

Msimamizi akaniuliza kuna nini. Nikamfasiria: anasema amesahau alichochagua. Akatoa neno lile la Kiarabu wanalomwambia mzee akili zikianza kumtoka, akamsikitikia, akacheka, na wengine wakacheka. Bibi hakulijua neno, ila alikiona kicheko. Alinitazama mimi tena. Alikuwa anatafuta usoni mwangu kitu cha kumthibitishia, na mimi uso nikaushikilia.

"Basi nimesahau," akasema.

Nikaenda kazini. Sikuchelewa.

Alikwenda sokoni Jumatatu tatu baada ya ile. Daftari alilijaza mwenyewe, vizuri, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kama walivyofundishwa zamani. Msimamizi alilifungua, akashindwa kusoma, akaamua kwamba atamkadiria. Akamkadiria kwa ndoo mbili wakati aliuza moja. Bibi hakubishana. Mtu aliyekuwa akibishania baisa tano akatoa pesa bila kusema neno, kwa sababu hakuwa na hakika tena kama kweli aliuza ndoo moja. Jumatatu ya nne hakuroweka mchele. Hakuna aliyemuuliza. Mbedui naye alikuwa ameshalihama soko. Tulisikia anauzia kwao Sinaw.

Nilikuwa nimetaka aache vitumbua, na akaacha. Lakini hakuishia hapo. Alianza kutuuliza kila kitu. "Hebu nambie, nishasali adhuhuri?" Amesali, amekaa bado juu ya msala. "Chumvi nshatia?" Akaacha kupika kwa sababu aliogopa jiko. Akampa mama funguo za kabati lake. Akaacha kuwarekebisha watoto Kiswahili chao. Mdogo wangu akisema "kitabu yangu" bibi alikuwa anatazama chini, kana kwamba huenda ndivyo inavyosemwa.

Mama alimpeleka hospitali. Daktari alimuuliza maswali, akamchorisha saa, akamhesabisha kurudi nyuma. Akasema hana kitu, kumbukumbu yake nzuri kuliko ya wengi wa umri wake. Bibi aliposikia tafsiri alitabasamu. "Ananistahi," akasema.

Niliolewa miezi michache baadaye, nikahamia Nizwa. Harusini bibi aliombwa apige kigelegele, akasema koo linamuuma. Wiki ya pili ya ndoa, mama mkwe alituletea sharubati, akaniuliza kwa nini bibi yangu ameacha kuuza. Alikuwa akituma mtu kutoka Samad kila Jumatatu, alisema, miaka na miaka, kwa ajili ya vitumbua vile. Siku ile alipokuja kutuona alitaka tu kujua kama ndiye yeye, aombe afundishwe.

Nilikwenda chooni nikafungulia maji nikakaa.

Mama nilimwambia mwaka wa pili, jikoni kwake, tukimenya vitunguu saumu. Nilimwambia yote. Aliendelea kumenya.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Ile Jumatatu ileile. Mama yangu hajasahau kitu maisha yake yote."

"Na hukusema?"

"Na mie nilikuwa nimechoka na vitumbua," mama akasema. Akanipa kisu nisaidie. Hatukulizungumza tena.

Bibi nilimwambia mwaka wa nne, nikiwa na mimba ya mtoto wa kwanza, kwa sababu niliogopa kuzaa na jambo lile ndani yangu. Niliiogopea nafsi yangu, sikuwa namwonea huruma yeye. Nilikaa miguuni pake sebuleni baada ya alasiri, nikamweleza moja baada ya jingine: karatasi, kijani, ziada, sokoni. Nikamwambia, bibi, wewe hukusahau, mimi nilikudanganya. Akili yako ni nzima. Imekuwa nzima siku zote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipapasa kichwa.

"Mwanangu, wewe una moyo mzuri," akasema. "Unanionea huruma. Hata daktari alisema hivyohivyo."

"Bibi, nasema kweli!"

"Nnajua, nnajua. Usilie, utamdhuru mtoto."

Nilirudia. Nilirudia kwa sauti kubwa, nikamshika mikono, nikamwapia kwa msahafu. Mwisho alichoka. Alimwita mama aje anichukue, akasema mimba inanisumbua kichwa.

Alifariki mwaka uliofuata, kwa moyo, akiwa usingizini. Baada ya matanga nilichukua gari nikaenda Sinaw siku ya Alhamisi, siku ya mnada wa mifugo. Mume wangu nilimwambia nakwenda kununua samli. Niliulizia kwa wauza samli kwa saa nzima mpaka nikaonyeshwa. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha pikapu, barakoa ileile au nyingine kama ile, amekonda. Hakunitambua. Nikamwambia mimi ni mjukuu wa nani, na kwamba bibi amefariki.

Aliinua mikono. Kisha akamwombea rehema, dua ndefu, machozi yakiteremka chini ya barakoa. Nilikuwa nimejipanga vizuri njiani kumwambia kweli, najua hata sentensi nitakayoanza nayo.

Akanishika mkono kabla sijasema. "Yale aliyonifanyia," akasema, "nimemsamehe. Shahidi ni Mungu, na wewe shahidi. Nimemsamehe yote."

Watu walikuwa wanapita na mbuzi zao. Alikuwa anasubiri nimjibu.

Nikasema, "Mungu akulipe."

Akanipimia samli kopo zima, akakataa pesa. Nilikaa naye kidogo, nikamuuliza hali ya mwanawe mgonjwa. Akasema alikwishafariki, zamani. Nikampa pole, nikaweka samli kwenye buti la gari, nikarudi Nizwa.